Pipa Lililooshwa Mara Saba

Nyama ya mbuzi watano ilikuwa na sumu, na harusi ya Anisa ilikuwa kesho.

Mkewe Shueib ndiye aliyegundua. Walikuwa wamesimama mbele ya kasha la moshi ambalo Shueib alilitengeneza kwa pipa kuukuu, akaliunganisha kwa bomba na jiko lake la kuchomea nyama hapo sokoni Nyakoe. Moshi wa maranda ulipoa ndani ya bomba, ukaifikia nyama bila joto. Kwa siku tatu nyama haikuoza, naye alijisifu soko zima.

Mkewe alikata kipande, akakinusa, akakirudisha.

"Hili pipa ulilitoa wapi, Baba Anisa?"

"Nyansiongo, kwa wafuga ng'ombe."

"Hii ni dawa ya kupe. Nimekulia karibu na josho, naijua."

"Nililiosha mara saba. Moja kwa udongo."

"Hiyo ni sheria ya dini ya chombo alicholamba mbwa. Sumu haitoki kwa udongo."

Shueib aliangalia mikono yake. Mafuta yalikuwa yameganda vidoleni, ya manjano, na masizi yamejaa chini ya kucha. Alijifuta kwenye kikoi. Hayakutoka.

"Kuna aliyeonja?" mkewe aliuliza.

Alfajiri Shueib alikuwa amempelekea mama yake ini kutoka kasha hilo, kwa kuwa ni laini na mama hana meno. Alikula lote, akamwombea dua.

"Baba Anisa, nakuuliza. Nani ameonja?"

Mbuzi watano walifukiwa nyuma ya choo jioni hiyo. Mama alizikwa Ijumaa. Harusi ikasubiri arobaini.