Michungwa ya Mama

Mpimaji wa gesi alikoroga tope kwa upondo. Mapovu yakapanda, yakanaswa ndani ya faneli aliyoigeuza juu chini majini. Huko chini ilikuwa ikioza michungwa ya mama yake, iliyozama bwawa la umeme lilipojazwa.

Siku ile mama alipolia, mkurugenzi wa bwawa alimwambia, "Miti haina mdomo, mama. Itaoza kimya kimya."

Leo mkurugenzi huyo huyo alikaa mtumbwini, sigara mdomoni, masharubu yaking'aa mafuta.

"Vipovu tu hivyo," alicheka. "Wageni wa ukaguzi nimeshawaambia, bwawa letu halichafui hewa."

Gesi ya mapovu yale hushika moto upesi. Kazi ya mpimaji ilikuwa kumwambia azime sigara.

"Inama karibu, mkubwa," alisema kwa upole, kidole kikiwa kwenye koki ya kuachia gesi ya faneli. "Michungwa ina neno nawe."