Ndege ya Ukubwa wa Stempu

Ndege ya mume wangu ilijikokota kwenye kioo cha kompyuta kama konokono mgonjwa. Mchezo ulikuwa mzito kuliko uwezo wa mashine, lakini nani amwambie mjuzi wa kila kitu?

Akapunguza dirisha la mchezo hadi likawa kama stempu, ati ndege ikimbie. Mashemeji na mawifi zangu wakabananisha vichwa kuitazama.

"Mashine imejaa takataka," akasema mume wangu, akafuta faili moja. Ndege ikaganda palepale.

"Umefuta nini?" nikamuuliza.

"Kile kitabu chako. Si ulishamaliza kukiandika?"

Wakacheka wote.

Kitabu nilikuwa na nakala yake, kwenye disketi mkobani. Mume sikuwa na nakala yake, wala sikuitaka.

Nikachukua mkoba, nikatoka.