Pete ya Springi

Pete ya springi ilikuwa imekazwa tena.

Mama Spana, fundi wa pikipiki, alichuchumaa uani nyuma ya pikipiki ya mumewe, akaikagua pete hiyo, ambayo hukaza shokapu mzigo ukizidi, kama daktari akaguavyo ulimi wa mgonjwa. Jumatatu aliilegeza kwa mkono wake, akaiacha kwenye kidato cha mtu mmoja, maana mume aliapa kwamba hapakii mtu. Leo imepanda kidato cha watu wawili.

"Shokapu haina mdomo, mama, lakini haisemi uongo," alimwambia mama yake, Bibi wa nyumba hiyo, aliyekaa kizingitini akichambua mboga. "Kuna mwanamke anabebwa hapa. Tena kajaaliwa mwili."

"Mwili nao umekosa nini?"

"Kikulacho ki nguoni mwako. Nikimwona kwa macho yangu, huyu bwana anaondoka na sanduku lake."

Bibi alikohoa kidogo. "Mkwe wangu hana makuu. Wewe kaza springi, uache maneno."

Bibi na pikipiki walikuwa chui na mbuzi. Aliiita jeneza lenye honi. Na mkwewe alimwonea haya mno. Akisikia kandambili zake ukumbini, anatorokea mlango wa nyuma.

Mama Spana hakukaza. Alilegeza hadi mwisho, ili kila tuta limkumbushe huyo mgeni kwamba mwenye mume yupo.

Jioni mume alikula wima kama nguzo ya umeme. "Mgongo," alisema. Bibi naye alilalamika kutoka chumbani kwamba godoro lake limeota mawe.

Kesho yake sanduku likafungwa, likawekwa mlangoni. Mume aliondoka mapema, peke yake. Bibi alikuwa ameshatoka kwenda kumjulia hali mgonjwa. Mama Spana akatia spana mfukoni, akafuata alama za tairi mpaka uwanja mtupu nyuma ya kiwanda cha matofali, akajibanza ukutani.

Aliisikia kabla ya kuiona: ekzosi ikikwaruza ardhi, kwa mzigo wa watu wawili.

Pikipiki ikatokea kwenye kona, ikiyumba. Mumewe alikaa nyuma, macho kayafumba, kakumbatia kiuno kinene kwa mikono yote miwili.

"Haya zako utaniwekea nyumbani, mkwe," alisema Bibi kutoka kwenye usukani. "Hapa nishikilie vizuri, naingiza gia ya tatu."