Alama Kumi na Moja

Miaka ile nyumba za Tanga ziligawiwa kwa nyota. Wanandoa waliopewa na mashine ya kulinganisha nyota zao chini ya alama kumi na nane kati ya thelathini na sita walitenganishwa, ila kama wote wawili wangetia sahihi kukataa. Saumu na mumewe Kombo walipata kumi na moja. Saumu alitia sahihi. Kombo alisema, "Nyota zikishasema, mimi ni nani nibishe?" akafungasha nguo zake.

Saumu akaenda kwa Bi Hansa, aliyerithi elimu ya nyota ya Kihindi kwa baba yake, ajifunze hesabu ile na kuonyesha kosa la mashine. Baada ya miezi mitano aliona kwamba mashine haikukosea.

"Basi nyota ndizo zilizomwondoa, Mwalimu."

"Hapana, mwanangu. Saa ya ukutani huonyesha adhuhuri, lakini haiileti. Nyota nazo huonyesha tu mzigo tuliojitwisha wenyewe kwa matendo yetu ya zamani. Namna ya kuubeba, mtu huchagua. Huo ndio msingi wa elimu hii."

Saumu aliikunja karatasi yake ya hesabu. "Kwa hiyo angeweza kubaki."

"Angeweza."

Alirudi kwenye chumba chake cha mtu mmoja, akapika wali, akashindwa kuula. Miezi yote ile alikuwa amezikasirikia nyota, na hasira hiyo ilimsaidia kulala. Sasa hakubaki wa kumkasirikia ila Kombo, na bado alikuwa akimpenda.