Kapu Safi la Pimbi

Zamani zile pua ilipokuwa jembe, Ngiri alilima shamba dogo bondeni, na majirani wakala humo. Kila Ijumaa alimpelekea kila mmoja kapu la kilichoiva wiki hiyo, naye jirani alirudisha kapu likiwa na maganda na mabua. Ngiri aliyafukia shambani, kila jirani na shimo lake.

Pimbi alikuwa mchaguzi. Akiletewa mchicha aligeuza uso. Akiletewa kunde aliguna.

"Mama Ngiri," alisema, "usiniletee tena majani. Kapu langu nitalitunza likiwa safi mpaka matikiti yaive."

"Tumbo ni lako, mwanangu," Ngiri akajibu, akaenda zake.

Pimbi akajilaza juu ya jiwe lenye joto, akitafuna nyasi. Akaota tikiti kubwa kama mwezi, likibingirika taratibu kutoka mlimani, maji yake matamu yakimfika kidevuni. Aliota hivyo masika yote, huku majirani wakimenya maboga.

Ijumaa ya matikiti ilipofika, alishuka na kapu lake. Kanga, aliyekula kila alicholetewa, alikuwa akisukuma tikiti kwa kifua. Kila shimo lililolishwa maganda lilikuwa limezaa. Kwenye shimo la Pimbi ulitambaa mche mmoja mwembamba kama uzi, bila hata ua.

"Mama, tikiti langu liko wapi?"

Ngiri akachuma fungu la mchicha, akalitia kapuni.

"Hili hapa," akasema. "La msimu ujao."