Hori Kavu

Nilipofika, nikiwa wa mwisho katika mbio za baiskeli nilizoziandaa mwenyewe, hori la kunyweshea ng'ombe lilikuwa kavu. Mshindani mwenzangu Wendell alikuwa ameliegemea, midomo imempasuka.

"Si uliandika kwenye ramani ya mbio kuwa hapa kuna maji, mama?"

Nikamnyooshea chupa yangu ya mwisho.

"Sipokei. Anayesaidiwa na mwenzake anatolewa. Kanuni ni yako."

"Utafia hapa, kichwa kigumu wewe."

"Nitafia mashindanoni. Ulisema tunywe tunachokikuta njiani, basi."

Jangwa la Arizona lilikuwa linatokota. Nikailaani kanuni, nikajilaani, nikamlaani na yeye. Kisha nikafungua chupa, nikayamwaga maji yote horini, juu ya kutu na manyoya ya njiwa.

"Haya, umeyakuta. Inama."