Kitufe cha Kiti

Mkandarasi alikuwa ameyachambua yale magari mawili ya umeme mpaka muuzaji akakosa la kuongeza. Jeupe lilikwenda mbali zaidi kwa chaji moja. La kijivu lilikuwa na betri ndogo, ila lilijaa chaji upesi.

"Mimi nimelipenda la kijivu," mkewe alisema.

"Wewe na rangi zako," mkandarasi akacheka.

Muuzaji akataka kuwaonyesha jinsi kiti cha abiria cha gari la kijivu kinavyolala, lakini kikamgomea. Alibonyeza hapa na pale mpaka jasho likamtoka.

"Hebu nipishe, kaka."

Mke akaingia, akaketi. Mkono wake wenye pete ya ndoa ukashuka kati ya kiti na mlango bila macho kuufuata. Kidole kikabonyeza mara mbili, na kiti kikamlaza taratibu.

"Kumbe dada gari unalijua kuliko mimi," muuzaji akasema.

Mkandarasi hakucheka. Gari kama lile alikuwa ameliona mahali pamoja tu, kwenye maegesho ya bosi wa mkewe.

"Umewahi kuliendesha?" akauliza.

Mkewe alikuwa bado amelala, anaangalia dari.

"Kuliendesha? Hapana."